Sheria ya "Less" na "Fewer" Haikushuka Kutoka Mbinguni

Wengi waliojifunza Kiingereza darasani wanaamini kwamba kila jozi ya maneno yanayokaribiana katika lugha hiyo iliwekewa mpaka tangu enzi na enzi, na kwamba anayeuvuka hajui lugha. "Less" ni kwa visivyohesabika, "fewer" kwa vinavyohesabika. "Between" ni kwa wawili, "among" kwa watatu na kuendelea. "Shall" inakwenda na mimi na sisi, "will" na waliobaki. Orodha hizi hukaririwa kabla ya mtihani na kabla ya usaili wa kazi, na anayeteleza huambiwa kwamba Kimombo chake ni cha kuombea maji. Imani hiyo ni potofu. Mipaka mingi ya namna hii ilichorwa na watu wanaojulikana kwa majina, kwa kufuata ladha zao, na wenye lugha wenyewe hawajapata kuiheshimu kikamilifu. Tofauti za kweli zipo, ila zinazaliwa na matumizi. Tukizichanganya na zile za kubuni, tunaishia kuogopa makosa yasiyomdhuru mtu huku tukiyapuuza yanayodhuru.

Tuanze na hiyo "less". Mfalme Alfred wa Wessex, katika tafsiri yake ya kitabu cha mwanafalsafa Boethius inayokadiriwa kuwa ya mwaka 888 hivi, aliitumia kuzungumzia maneno, na maneno yanahesabika. Sarufi ya Kiingereza cha kale iliruhusu hivyo, kwa kuwa nomino iliyofuata ilichukua umbo la kumilikisha la wingi. Umbo hilo lilipokufa, "less" ilibaki palepale mbele ya nomino za wingi, na Waingereza wakaendelea kuisema kwa karne nyingi. Mwaka 1770 Robert Baker, katika kitabu chake Reflections on the English Language, aliandika kwamba yeye anaona "fewer" ingefaa zaidi panapotajwa idadi. Alikiri kuwa watu kwa kawaida walisema "less", wala hakudai kutangaza sheria. Baker huyohuyo alieleza katika dibaji kwamba aliacha shule akiwa na miaka 15. Hilo si aibu, lakini ni kichekesho kwamba maoni yake ndiyo leo yanayotumika kupimia watu usomi. Waliomfuata walifuta lile "naona" lake wakabakiza amri tupu, na amri yenyewe haitoshi kueleza lugha ilivyo. Hata wakali wa sarufi husema "less than ten miles", ingawa maili zinahesabika, kwa sababu hapo msemaji anaufikiria umbali kuwa kitu kimoja. Kinachoamua ni jinsi msemaji anavyokitazama kitu anachokitaja. Mwaka 2008 maduka ya Tesco ya Uingereza yalichoshwa na ubishi juu ya mabango yaliyosema "10 items or less", yakaamua kuandika "Up to 10 items". Wateja walikuwa wameelewa bango la kwanza tangu siku ya kwanza.

Jozi nyingine nazo zina historia za aina hiyo. Leo tunafundishwa kwamba "disinterested" ni asiye na upendeleo, na "uninterested" ni asiye na hamu. Katika karne ya 17 kila neno kati ya hayo mawili lilitumika kwa maana ambayo sasa tunaambiwa ni ya mwenzake. "Between" imetumika kwa zaidi ya wawili tangu zama za kale, na kamusi kubwa ya Oxford inalieleza jambo hilo waziwazi. Kanuni ya "shall" na "will" iliwekwa na John Wallis, profesa wa jiometri wa Oxford, katika sarufi aliyoichapisha mwaka 1653 kwa Kilatini, akiwalenga wageni waliotaka kujifunza Kiingereza. Waskoti na Waayalandi hawakuifuata, na Wamarekani kwa sehemu kubwa wameiacha. Wanaobaki kuing'ang'ania aghalabu ni wageni walewale iliyoandikiwa.

Watetezi wa orodha watajibu kwamba mipaka ikiondolewa kila mtu atasema lake na maana itapotea. Hoja hii ina uzito, lakini inalenga pasipohusika, maana hakuna anayetaka maneno yote yawe sawa. Kinachotakiwa ni kupima kila tofauti kwa swali moja: je, msikilizaji atapotoshwa? Nesi anayechanganya "hypertension" na "hypotension" amechanganya shinikizo la damu la juu na la chini, na mgonjwa anaweza kufa. Anayeandika "proscribe" akikusudia "prescribe" amepiga marufuku dawa aliyotaka itumiwe. Hapo hakuna mjadala. Lakini tazama pia "flammable" na "inflammable". Mtu aliyezoea kugawa maneno kwa viambishi ataapa kwamba moja linakana jingine, kumbe yote mawili yana maana ya kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Katika miaka ya 1920 shirika la kuzuia moto la Marekani, National Fire Protection Association, lilihimiza watu watumie "flammable", kwa hofu kwamba msomaji angeweza kudhani "inflammable" ni kisichowaka. Shirika hilo halikuanza kuwalaumu wasomaji kwa kutojua Kilatini. Lilitazama wanaelewa nini, likachagua neno lisilowaponza.

Wapo watakaosema kwamba angalau sheria inahitaji maneno yenye maana isiyoyumba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 81, inatumia "shall" kusema kwamba wajumbe wa jinsia moja katika vyombo vya umma vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili. Kwa mujibu wa orodha, "shall" isiyokwenda na mimi wala sisi ni agizo, na mjadala umefungwa. Hata hivyo suala lilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi walisema kanuni hiyo itekelezwe hatua kwa hatua, huku sheria ya kuitekeleza ikitakiwa kufikia Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga, akitaka itimizwe katika uchaguzi wa Machi 2013. Majaji wa mahakama moja walisoma neno lilelile wakafikia hukumu tofauti, na kilichowatenganisha ni namna walivyoisoma Katiba nzima na historia iliyoizaa. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilikwepa utata wa "shall" kwa kutumia "must" mahali pake.

Inabaki hoja ya mkate: mtahini anakata alama na mwajiri anasikiliza, kwa hiyo kanuni hizi lazima zijulikane. Ni kweli, na mwanafunzi azijue. Ila azijue kama anavyojua kwamba ofisi fulani inataka tai: ataivaa kwa sababu wenye ofisi wanaitaka, bila kudhani kwamba inamwongezea akili. Kosa linaanzia pale mwenye tai anapomdharau asiye nayo, na kumnyima kazi mhasibu hodari kwa sababu alisema "less mistakes" wakati hesabu zake hazina kosa. Walimu waeleze kila kanuni ilitoka kwa nani na lini, na muda wa darasa uende zaidi kwenye maneno ambayo yakichanganywa yanapotosha mkataba, dawa au habari. Wasaili nao wapime kama hoja ya mwombaji imeeleweka. Ikiwa imeeleweka, kumkosesha kazi kwa ajili ya maoni ya Robert Baker ni uonevu.