KISOMO CHA NYUMBA NZIMA



Matawi yametuomba tuseme neno juu ya masomo ya watu wazima, nasi twalisema leo. Masomo haya, ambayo wengi bado huyaita ngumbaru, mara nyingi hufundishwa kwa namna inayowafukuza watu. Mtu ametoka kazini saa kumi na moja, mgongo unamwuma, anaingia darasani na kuandikiwa a, e, i, o, u ubaoni kama mtoto mdogo. Juma la kwanza anakuja. Juma la tatu hayupo, na watu wanasema ni mvivu. Sisi twasema kosa si lake.

Serikali ilijaribu. Mwishoni mwa mwaka 1978 Rais Moi aliagiza kisomo kifundishwe nchi nzima, na mwaka 1979 Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 38 katika kila 100 hawakufikia hata kiwango cha chini cha kusoma na kuandika, jumla yao kama milioni 7.8. Waliofikia kiwango cha kuwatosha katika shughuli zao hawakutimia 30 kwa kila 100. Hesabu hii ya pili yatugusa sisi tuliosoma misheni mpaka darasa la nane tukadhani tumemaliza.

Mtu mzima hana haja na herufi peke yake. Ana haja na jambo lililomo ndani ya herufi. Basi lifundishwe jambo, na herufi ziingie humo humo.

Tazameni karatasi ya mshahara. Tangu Oktoba 2024 mfanyi kazi hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya SHA, na kwa sheria ya mwaka 2024 hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba. Kwa mshahara wa shilingi 30,000, hizo ni shilingi 825 na shilingi 450. Mwalimu akifundisha hayo, amekwisha kufundisha kusoma neno "makato", na asilimia, na nukta ya desimali, wala hakuna aliyesinzia. Kisha kila mmoja atoe simu yake, aangalie kama mwenye kazi amezipeleka kweli fedha za bima. Wako wanaokata wasipeleke, na mgonjwa huja kujua akiwa amelala hospitali. Hapo kusoma, hesabu na kompyuta vimekuwa somo moja.

Tena tunataka somo hilo lisiwe la baba peke yake. Mtoto siku hizi huleta kazi ya nyumbani ambayo mzazi anatakiwa kuisaidia, na mara nyingi simu ya mama ndiyo inayopokea habari za mwalimu. Mama asiyejua kusoma humpa mtoto simu, asijue kama alichosomewa ndicho kilichoandikwa. Huyo huyo akitaka kutoa pesa humpa mwenye duka simu pamoja na namba ya siri. Na sisi wanaume tusicheke, kwani ikifika Juni tunapeleka hesabu za kodi kwa kijana wa saiba na kumwachia neno letu la siri limeandikwa kwenye kikaratasi.

Wenzetu wa Uganda wana njia nzuri. Huko Bugiri chama kiitwacho LABE kiliwaweka wazazi na watoto pamoja katika shule za msingi. Wazazi walikuwa na masomo yao, kisha wakaketi na watoto wao wakajifunza pamoja. Kwetu hapa familia moja ingeweza kuandika bei za matumizi ya juma: mtoto asome, mama ajumlishe, baba aingize katika kompyuta. Wakikosana kwenye jumla, ndiyo elimu yenyewe.

Tumesikia wanaosema baba hapaswi kukwama kwenye neno mbele ya mtoto wake. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akaketi na watoto wadogo, na aibu haikumwua.

Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri ya Chama itoe ukumbi kila Jumamosi alasiri, na fedha za kumlipa mwalimu zitoke katika ada zetu. Mwalimu apatikane kwanza. Tusinunue kompyuta kumi zikafungiwe katika ofisi ya katibu zikiliwa na vumbi. Simu zilizo mifukoni zatosha kuanzia.

Majina yapelekwe kwa makatibu wa matawi kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na zamu ya mfanyi kazi na darasa la kila mtoto. Wake wa wanachama waje waandikishe majina yao wenyewe, wasiandikishwe na waume. Asiyejua kuandika jina lake, katibu amwandikie mara hii.