Vidonge ndani ya Mfuko wa Biblia



Mwenzetu mmoja wa kundi la parokia, aliyekuwa akisoma somo la kwanza karibu kila mwezi, aliacha kupanda mimbarini bila kutoa sababu. Baadhi yetu tulidhani ni uvivu. Wengine walidhani ni ugomvi wa wasomaji, maana ugomvi huo, tukubali, haukosekani. Siku moja alitueleza mwenyewe. Kila aliposimama mbele ya waamini, moyo ulimdunda, pumzi ikamkatika, miguu ikalegea, naye akawa na hakika kwamba atakufa palepale. Hofu hiyo ilianzia mimbarini, ikahamia katika mstari wa Komunyo, mwishowe ikamfuata hadi sokoni na ndani ya basi. Daktari alimsikiliza, akamwandikia dawa. Akainunua kwa fedha aliyokopa kwa dada yake. Kisha akaificha katika mfuko wa Biblia, na kwa muda wa siku 12 hakumeza hata kidonge kimoja.

Tulipomuuliza sababu, alijibu kwa swali: “Nikizimeza, nitabaki mimi?”

Ametupa ruhusa ya kuyaandika haya. Nasi tunayaandika kwa kuwa jibu letu la kwanza lilikuwa baya. Mmoja wetu alicheka. Mwingine akamwambia asali Rozari kwa imani zaidi na kuachana na mambo ya vidonge. Hakuna aliyemwuliza anaogopa nini hasa. Ni maoni yetu leo kwamba mtu anayeogopa madhara ya dawa hastahili kuchekwa wala kuhubiriwa. Anastahili kujibiwa.

Alikuwa ameisoma ile karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa ndani ya kisanduku, mstari kwa mstari, usiku, peke yake. Mtu mzima wa roho akisoma orodha ile ndefu hutikisa kichwa na kwenda kulala. Lakini mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni hofu husoma kila neno kama hukumu iliyokwisha kutolewa juu yake. Zaidi ya hayo, amezoea kuupeleleza mwili wake: mapigo ya moyo, joto la mikono, kizunguzungu kidogo. Ukimwambia kwamba dawa yaweza kuleta kizunguzungu, atakiona hata kabla ya kuimeza. Huo si udanganyifu. Ndivyo hofu inavyofanya kazi.

Karatasi ile ina lugha yake, na tumejuta kwamba hatukujifunza kuisoma mapema. Neno *fréquent* halina maana kwamba jambo hilo litampata kila mtu. Kwa kawaida maana yake ni kwamba linawapata watu kati ya mmoja na kumi katika kila watu 100. *Rare* ni chini ya mmoja katika 1.000. Mwenzetu alikuwa amesoma maneno hayo yote kwa uzito mmoja, kana kwamba kichefuchefu na ugonjwa adimu wa damu vilikuwa vikimngoja mlango mmoja.

Basi tukaenda naye kumwona tena daktari, na maelezo aliyotupa tunayatoa hapa kwa kuwa yaweza kumfaa mwingine. Dawa za jamii aliyoandikiwa, kama vile sertralini na fluoksetini, hazifanyi kazi kama kidonge cha kichwa. Nafuu huanza kuonekana baada ya majuma mawili, manne, pengine sita au zaidi. Taabu, kwa bahati mbaya, hutangulia: kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuhara kidogo, usingizi mbaya, na hata wasiwasi kuongezeka katika siku za mwanzo. Kwa wengi taabu hizo hupungua katika juma la kwanza au la pili. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na kipimo kidogo, kwa mfano miligramu 25 za sertralini kwa siku, wakapandisha polepole. Kumeza pamoja na chakula husaidia tumbo. Na kama dawa inafukuza usingizi, daktari aweza kuihamishia asubuhi.

Yapo pia madhara ambayo hayaondoki upesi. Wapo wanaopungukiwa na hamu ya mwili kwa muda wote wanaotumia dawa, jambo ambalo vijana wetu waliooa au wanaojitayarisha kwa ndoa wana haki ya kuliuliza bila haya. Na liko onyo moja lisilofichwa: kwa vijana walio chini ya miaka 25, hasa katika majuma ya kwanza au kipimo kinapobadilishwa, mawazo ya kujiua yaweza kutokea au kuongezeka. Mawazo hayo yakija, asingoje siku ya miadi. Arudi kwa daktari siku ileile, na asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Hapo ndipo kundi la parokia lina kazi iliyo wazi kabisa.

Onyo lingine latuhusu sisi watu wa hapa kwetu. Katika maduka mengi ya dawa ya mitaani diazepamu huuzwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya daktari. Yatuliza upesi, na hapo ndipo ulipo mtego wake, kwa maana ikitumiwa kila siku kwa majuma kadhaa mwili huizoea, na kuiacha kwa ghafla kwaweza kuleta hofu kali kuliko ile ya kwanza, hata kifafa. Mara nyingi tumesikia kijana akikataa dawa ya daktari kwa kuogopa “kuwa mtumwa wa vidonge”, huku akimeza diazepamu ya jirani kila jioni! Dawa za jamii ya sertralini hazina utumwa wa namna hiyo, ingawa nazo haziachwi kwa siku moja. Hupunguzwa taratibu, kwa shauri la daktari.

Tena si kila hofu huhitaji kidonge. Mtu anayeogopa kitu kimoja tu, mbwa au maji au mahali pa juu, mara nyingi husaidiwa zaidi na kukizoea kitu hicho hatua kwa hatua, akiongozwa na mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Hata mwenzetu aliambiwa kwamba dawa peke yake haitamrudisha mimbarini. Itampunguzia moto ili aweze kujizoeza.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya hospitali, nasi tuache kuyaleta katika ukurasa wa tafakari. Hatukubali. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, kinamweka mganga na dawa zake ndani ya mpango wa Mungu, na katika sura hiyohiyo kinamtaka mgonjwa asali; havishindani. Mtakatifu Louis Martin, baba yake Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu, alikaa miaka mitatu katika hospitali ya wagonjwa wa akili kule Caen, Ufaransa, kuanzia mwaka 1889, na binti zake waliumizwa sana na maneno ya watu. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2015. Papa Fransisko alisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa padri Argentina, wakati wa utawala wa kijeshi, alikwenda kumwona daktari wa akili kwa muda wa miezi sita hivi, na kwamba daktari huyo alimsaidia kuzikabili hofu zake. Kama Papa hakuona haya kulisema, sisi twamfichia nani?

Kuna hata jambo dogo ambalo mwenzetu aliliogopa kuliko kichefuchefu: alidhani kumeza kidonge asubuhi kutamzuia kupokea Ekaristi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inayoagiza kufunga kwa saa moja kabla ya Komunyo, haihesabu maji wala dawa. Siku 12 za mateso, na sehemu yake moja ingaliondolewa na katekista kwa sentensi moja.

Kuhusu lile swali lake, tulichelewa kulijibu, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua la kusema. Daktari ndiye aliyemwuliza: “Yule anayetoka nje ya kanisa akikimbia kabla ya Komunyo, ndiye wewe?” Alinyamaza kitambo, kisha akasema hapana. Kama dawa ikimfanya ajione mzito au baridi moyoni kama jiwe, aliambiwa, arudi kusema. Kipimo hubadilishwa, na dawa yenyewe hubadilishwa. Jambo hilo la mwisho ndilo lililomtuliza zaidi. Alikuwa akidhani kwamba kidonge cha kwanza ni nadhiri ya daima.

Alianza siku ya Jumatatu. Asubuhi nne za kwanza alichafukwa na tumbo, na usiku wa tatu hakulala. Wawili kati yetu walikuwa na zamu ya kumpigia simu kila jioni, wala hawakumhubiria. Walimwuliza tu amekula nini na amelalaje, wakaandika katika daftari ili akumbuke kumweleza daktari. Sasa yumo katika juma la tano. Hajarudi kusoma. Jumapili iliyopita alikaa benchi ya tatu kutoka mlangoni, akapanga mstari wa Komunyo pamoja nasi, akafika mbele.