Umati wa Mji wa Bukini

Baadhi ya vijana wetu, walipokwisha kuitazama filamu ya Kichina Let the Bullets Fly, ya mwaka 2010, wamemtangaza mnyang'anyi Zhang kuwa mkombozi wa maskini. Sisi tunalikataa neno hilo. Katika nchi ambamo kijana hukabidhiwa bunduki na kuambiwa kwamba ndiyo haki ya wanyonge, sifa za namna hii si mchezo.

Jiang Wen, aliyeiongoza filamu na kumwigiza Zhang mwenyewe, ameazima kwa Wamarekani farasi, bastola na mji mdogo ulio chini ya bwana mmoja, akavipeleka China ya majemadari waliogawana nchi. Zhang anaiba cheo cha mkuu wa mji. Anakuta kodi imekwisha kukusanywa kwa miaka 90 ijayo. Tunakiri kwamba tulicheka.

Lakini kicheko kinakoma pale kijana wake wa kupanga anaposhitakiwa kwamba amekula mabakuli mawili ya tambi na kulipa moja. Muuzaji anasema uongo. Kijana anajipasua tumbo ili waone kwamba alikula bakuli moja tu, na watu wamesimama wakitazama. Umati huo tunaujua: kila Ijumaa Kuu, Mateso yanaposomwa, sehemu yake husomwa kwa sauti zetu wenyewe.

Baadaye Zhang anawatupia watu hao fedha; wanaziokota, kisha wanamrudishia tajiri Huang kwa hofu. Anawatupia bunduki, wanazichukua na kujifungia ndani. Anapokwenda kuishambulia ngome, wanaomfuata ni bukini. Wenyeji wanatoka tu baada ya kuona kichwa cha Huang kimekatwa uwanjani, na huyo hakuwa Huang, alikuwa mtu aliyefanana naye. Je, huo ndio ukombozi? Wamedanganywa ili wawe jasiri, na wameingia ngomeni kwa sababu wamemwona mshindi. Wakatoka wamebeba viti.

Watatujibu kwamba Zhang hakujiwekea mali ya Huang. Ni kweli, na ndiyo maana anapendeza kuliko majambazi wengine wa sinema. Hata hivyo, muuzaji yule hakuitwa na jirani yeyote aseme kweli.

Viongozi wa vikundi watakaoionyesha filamu hii kwa wakubwa, wasiisimamishe penye risasi. Waisimamishe penye bakuli, wamwulize kila mmoja angesimama wapi.