Mfundisheni Kwanza

Hapa Chanji mtoto akianza kusoma kabla ya darasa la kwanza, au akijumlisha bei za madebe ya mahindi kumshinda muuzaji, ushauri haukawii: apelekwe akapimwe akili, ijulikane kama kweli ana kipaji. Watu wanaamini kwamba akili ni kitu kimoja kilichokamilika kichwani, na karatasi ya saa moja inatosha kukidhihirisha. Si kweli, na imani hiyo inaumiza watoto.

Mwanasaikolojia Alfred Binet, aliyetunga kipimo maarufu cha akili kule Paris mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon, alikuwa akitafuta watoto wanaohitaji msaada shuleni. Mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtu haiongezeki.

Ushahidi unaonigusa zaidi umetoka hapahapa nchini. Wanasaikolojia Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, Watanzania wakiwemo, waliwapima wanafunzi karibu na Bagamoyo, wakawafundisha kwa muda mfupi tu mbinu za kuyakabili maswali, kisha wakawapima tena. Matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Alama zilipanda, na aliyekuwa juu mara ya kwanza hakuwa lazima awe juu mara ya pili. Kwa wale ambao hawakufundishwa, mpangilio ulibaki karibu uleule. Basi ile alama ya kwanza, ambayo mzazi angeipokea kama hukumu, ilikuwa inapima nini? Kwa sehemu kubwa, mazoea ya kufanya vipimo. Tena vipimo vya namna hiyo havioni kila ujuzi: kule Usenge, Kenya, Sternberg na wenzake walikuta watoto waliojua zaidi dawa za mitishamba wakielekea kupata alama za chini katika vipimo vya msamiati.

Sasa mchukue mtoto anayeongea Kifipa na bibi yake, anayejua kuongoza maksai wanaovuta plau, mpe karatasi iliyotungwa kwa ajili ya watoto wa Marekani. Namba ikiwa ndogo, nyumbani watamkatia tamaa. Ikiwa kubwa, Jumatatu atarudi kwenye darasa lilelile lililofurika, na kitabu kilekile cha kugombania.

Najua hoja ya upande wa pili: bila kupima, vipaji vitapotea. Lakini vipaji vinapotea mbele ya macho yetu kila siku, na mwalimu anavijua kwa majina. Kinachokosekana ni cha kuwapa watoto hao. Mtoto anayekwama, ambaye huenda hasikii au haoni vizuri ubao, huyo apimwe, na haraka. Mwepesi anunuliwe vitabu kwa nauli ambayo ingetumika kumfuata mpimaji Mbeya, na mwalimu wa hesabu aombwe ampe maswali ya darasa la mbele wiki hii.