Watani wakija Mwanza, mkulima ajulishwe mapema

KILA inapotajwa kwamba Simba na Yanga zitakutana nje ya Dar es Salaam, mashabiki hugawanyika. Wapo wanaosema pambano hilo ni la Kariakoo na libaki Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000. Wenzao wa Kanda ya Ziwa huuliza kwa nini klabu zenye wapenzi nchi nzima zikutane mji mmoja tu. Katika ubishi huo wanasahaulika mkulima wa Magu, mvuvi wa Ukerewe na mama lishe wa Kirumba.

Mwanza si ngeni kwa watani hawa. Agosti 10, 1974, Yanga iliifunga Simba mabao 2-1 katika Uwanja wa Nyamagana, katika mchezo wa kuamua ubingwa. Oktoba 16, 2010, Yanga ilishinda 1-0 CCM Kirumba. Mei 28, 2022, kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, bao la Feisal Salum liliipa Yanga ushindi mwingine wa 1-0 uwanjani hapo. Simba nayo ilitwaa kombe hilo Kigoma Julai 25, 2021 kwa kuifunga Yanga 1-0, na Ngao ya Jamii jijini Tanga Agosti 13, 2023 kwa penalti.

Wanaopinga kuhamisha michezo ya ligi wana hoja. Kila klabu ina haki ya kuwa mwenyeji mara moja, na mwenyeji hutegemea mapato ya mlangoni. Kirumba huchukua watu wapatao 35,000 tu. Haki hiyo isiguswe. Lakini Ngao ya Jamii na hatua za mwisho za Kombe la Shirikisho zimekwishachezwa kwenye viwanja huru. Hapo suala si kama mchezo uende mikoani, bali mikoa ijulishwe lini.

Tiketi huuzwa kwa siku chache, lakini chakula huchukua muda kuzalishwa. Kuku wa nyama huhitaji wiki tano hadi sita tangu aingie bandani akiwa kifaranga. Nyanya huhitaji takriban miezi mitatu. Sato wa kwenye vizimba huchukua miezi sita au zaidi. Uwanja ukitangazwa wiki mbili kabla ya mchezo, mkulima hana la kuongeza. Wageni hufika, bei hupanda, na faida huenda kwa mlanguzi aliyekuwa na mzigo ghalani. Uwanja ukitangazwa miezi mitatu kabla, fedha hiyo humfikia mzalishaji.

Hatari ya pili ni kuahirishwa. Mei 8, 2021, pambano la watani lilikwama baada ya muda wa kuanza kusogezwa mbele, likachezwa Julai 3. Machi 8, 2025 liliahirishwa siku ile ile ya mchezo, baada ya Simba kulalamika kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani. Lilichezwa Juni 25. Mwenye tiketi anaweza kusubiri tarehe mpya, lakini samaki aliyekwisha kununuliwa hawezi.

Kwa hiyo TFF na Bodi ya Ligi wanapaswa kuandikiana mkataba na mji mwenyeji kabla ya msimu kuanza. Mkataba utaje uwanja, tarehe na saa. Useme ni kwa sababu zipi tu mchezo unaweza kusogezwa. Na utenge fungu la fidia kwa wauza chakula waliolipia meza uwanjani endapo mchezo utavunjika. Halmashauri nazo zisisubiri ushuru tu. Zitangaze mahitaji mapema kwa vyama vya ushirika na vikundi vya wafugaji.

Mkulima naye asikope fedha kwa sababu ya fununu. Katika michuano ya mtoano mji unaweza kujulikana mapema huku timu hazijajulikana. Aanze na bidhaa zisizooza upesi, kama mchele na dagaa wakavu wa Soko la Mwaloni, ambazo zitauzika hata watani wasipokuja. Vifaranga viingie bandani timu zikishathibitishwa na zikiwa zimebaki wiki sita. Samaki wabichi wanunuliwe karibu kabisa na siku yenyewe.

Tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 19, 2025, mzigo na mashabiki kutoka Sengerema na Geita hufika jijini bila kungoja kivuko. Barabara ipo, uwanja upo na wapenzi wapo. Kinachokosekana ni ratiba inayoheshimiwa. Bila hiyo, watani watakuja Mwanza na kuondoka, na mkulima wa Magu atabaki kusikiliza matokeo redioni.