Chavua Haijui Mpaka wa Shamba

Mahindi huchavushwa na upepo. Chavua hutoka kwenye mbelewele na kuangukia ndevu za mahindi. Sehemu kubwa huanguka karibu, lakini nyingine hufika shamba la jirani. Kwa hiyo, mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yakipandwa kando ya mahindi ya kawaida, jirani huweza kuvuna punje zenye vinasaba ambavyo hakuvipanda.

Jambo hilo pekee si ugonjwa. Karibu kila chakula kina vinasaba, na kuvila hakubadilishi vinasaba vya mlaji. Swali la kitabibu ni jingine: kinasaba kilichohamia hutengeneza protini gani, na je, protini hiyo imethibitishwa kuwa salama kwa binadamu?

Kisa cha mahindi ya StarLink nchini Marekani kina funzo. Mwaka 1998 mahindi hayo yaliruhusiwa kwa chakula cha mifugo na matumizi ya viwandani tu. Protini yake ya kuua wadudu, Cry9C, ilistahimili joto na haikumeng'enywa upesi, sifa zilizozua shaka kwamba ingeweza kusababisha mzio. Wakulima walitakiwa kuyatenga na mahindi mengine kwa takriban mita 200. Hata hivyo, Septemba 2000 mabaki ya mahindi hayo yaligunduliwa katika chakula cha binadamu kilichouzwa madukani. Nafaka zilikuwa zimechanganywa baada ya mavuno, na chavua nayo ilikuwa imevuka mipaka.

Baadhi ya watu waliodai kuugua walichunguzwa. Mwaka 2001 vipimo vya damu zao havikuonesha kingamwili za mzio dhidi ya Cry9C, ingawa wachunguzi walieleza kwamba matokeo hayo hayakuondoa kabisa uwezekano huo. Watu hao walilazimika kusubiri jibu ambalo lilipaswa kupatikana kabla mbegu haijaingia ardhini.

Ndiyo sababu kibali cha nusu hakifai kwa zao linalochavushwa na upepo. Aina ya mahindi isiyothibitishwa kuwa salama mezani isipandwe shambani kwa kutegemea umbali. Wapo watakaosema kwamba umbali ukisimamiwa vema unatosha. Hoja hiyo ina uzito penye mashamba makubwa. Katika Afrika Mashariki, ambako mashamba mengi hutenganishwa na njia ya miguu tu na wakulima wengi huhifadhi mbegu kutoka mavuno yao, mita 200 zaweza kupita juu ya mashamba ya kaya kadhaa.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu. Mgonjwa aliyevimba midomo, aliyetokwa na vipele au anayebanwa pumzi baada ya kula atibiwe kwanza kwa haraka. Kisha iandikwe alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na chakula kilitoka wapi. Asiambiwe kwamba mahindi yaliyobadilishwa ndiyo chanzo pasipo ushahidi. Karanga, mayai, maziwa na samaki husababisha mzio mara nyingi. Wala asipuuzwe. Mgonjwa mwenyewe asaidie kwa kuhifadhi mabaki ya chakula na kifungashio chake.

Hofu isiyo na kumbukumbu haimtibu mtu, na uhakikisho usio na vipimo haumlindi. Usalama wa mlaji uanzie kwenye kibali, kwa kuwa chavua ikishapeperuka hairudishwi.