Pasaka hii waacheni watoto wachafue mikono
SAFU YA JUMAPILI
Na Anastazia Mbonde

Mwalimu akimwagiza mtoto wa darasa la tatu alete ufagio wa chelewa aliotengeneza mwenyewe, mzazi wa Dar es Salaam hupita sokoni jioni akitoka kazini. Hununua ufagio uliofungwa vizuri na mtu mzima anayeishi kwa kazi hiyo, na asubuhi mtoto huubeba kwenda nao shule. Mwalimu anajua, mtoto anajua, na alama zinatolewa. Ndivyo ilivyo hapa Segerea, na wenzangu wa Mbagala na Mwananyamala wananiambia kwao ni hivyo hivyo. Simlaumu mzazi anayeingia nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni ya Tabata. Lakini mtoto huyo amefundishwa jambo baya bila mtu yeyote kukusudia: kwamba kazi ya mikono ni kitu cha kununua.

Pasaka inatupa nafasi ya kulirekebisha hilo. Kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka ni siku nne mfululizo, na watoto wapo nyumbani. Masika yanakuwa yamepamba moto, njia za ndani zinajaa maji, na ile safari ya Coco Beach waliyoahidiwa huenda isiwezekane. Nyumba nyingi zitaishia kwenye televisheni na simu. Ombi langu ni kwamba siku mojawapo, hata nusu yake, itengwe kwa ajili ya kutengeneza vitu, watoto na wakubwa pamoja, kwa vifaa vilivyopo uani na jikoni.

Nasema vilivyopo kwa sababu siku hizi maduka ya mjini yanaleta mapambo ya Pasaka kutoka nje: sungura wa plastiki, mayai ya plastiki yanayofunguka katikati, maua ya nchi za baridi. Kule yalikotoka yana maana yake. Pasaka huhesabiwa kwa mwezi: ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea Machi 21 au baada yake, ndiyo maana huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Kwa watu wa kaskazini ya dunia huo ndio wakati theluji imeyeyuka, miti inachipua na sungura wanazaa. Kwetu Pasaka hukutana na mvua. Krismasi imejaliwa mti wake, mkrismasi, unaowaka mwekundu Desemba yote. Pasaka ina vyura mitaroni, kumbikumbi wanaozunguka taa, kuku na vifaranga wake chini ya karai, na majani yanayofunika uwanja mzima kabla wiki haijaisha. Mtoto wa Segerea akipewa karatasi na kuambiwa achore Pasaka, ningependa achore hayo, maana ndiyo anayoyaona.

Wala tusidhani kwamba sanaa ya Pasaka ni jambo la wageni tunalojifunza sasa. Nenda Masasi. Tangu miaka ya 1960, enzi za Askofu Trevor Huddleston aliyeiongoza Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, wanavijiji wa kule wamekuwa wakikunja misalaba midogo kwa majani ya mitende ya porini. Misalaba hiyo husafirishwa hadi Uingereza na Marekani, na Jumapili ya Matawi waumini wa huko huipokea mikononi mwao kanisani. Fikiria hilo vizuri. Muumini wa Kiingereza anaanza Juma Kuu akiwa ameshika jani lililokunjwa na mkono wa Mtanzania wa kusini, na huku kwetu mtoto anabatizwa, anapata komunyo ya kwanza na kuimarishwa bila kujua namna ya kulikunja jani hilo.

Na si kazi ngumu. Msalaba wa aina ile hutokana na ukanda mmoja tu mrefu wa jani. Unakunjwa, unapitishwa nyuma, ncha inachomekwa ndani yake yenyewe. Hakuna gundi, hakuna pini. Mtoto wa miaka saba akioneshwa polepole anaweza. Matawi ya Jumapili ya Matawi, ambayo parokia nyingi za Dar es Salaam huyapata kutoka kwenye minazi, yakifika nyumbani yasiachwe yakauke nyuma ya mlango. Jani la mnazi lina kazi nyingi kuliko msalaba. Linatoa kititia, yale mapanga mawili yaliyopishana yanayozunguka kwenye kijiti cha chelewa mtoto akikimbia nacho. Linatoa saa ya mkononi, miwani, mpira wa pembe nne, nyoka. Tawi zima linatoa pakacha, na pakacha dogo ndilo kapu la mayai ya Pasaka ambalo hakuna duka linalouza. Wakubwa waliokulia Bagamoyo, Mafia, Rufiji au Unguja wanayajua haya yote vidoleni. Tatizo ni kwamba hatuwaulizi.

Mayai nayo yana sababu ya kuwapo. Zamani Wakristo wa Ulaya na Mashariki hawakula mayai wakati wa Kwaresima, ilhali kuku hawakuacha kutaga. Ikifika Pasaka mayai yalikuwa mengi, yakapakwa rangi na kugawanywa. Sisi tunaweza kuyatia rangi bila kununua chochote kigeni. Mwombe mama wa genge maganda makavu ya vitunguu maji, kwake ni taka. Yachemshe kwa nusu saa hadi maji yawe mekundu ya kutu, chuja, ongeza vijiko viwili vya siki, acha yapoe kabisa. Sufuria nyingine weka manjano, utapata njano kali. Choya hutoa rangi inayoelekea zambarau au buluu ya mawingu, na watoto hushangaa kwa sababu juisi yake waliizoea nyekundu. Mayai yachemshwe kwanza, yapoe, yafutwe. Yale yenye ganda jeupe hushika rangi vizuri zaidi kuliko ya kahawia.

Sasa kuna jambo ambalo watoto hulipenda kuliko yote. Kabla ya kutumbukiza yai kwenye rangi, mpe mtoto kipande cha mshumaa achore juu ya ganda: jina lake, samaki, mistari, chochote. Penye nta rangi haishiki, na yai likitoka mchoro unajitokeza. Ndiyo kanuni ile ile ya batiki, na kwa kufanya hivyo mtoto ameshaielewa kazi ya akina mama wanaotengeneza batiki jijini. Ila maji ya rangi lazima yawe baridi, kwani yakiwa moto nta huyeyuka na mchoro unapotea. Mishumaa ya Kesha la Pasaka inayorudi nyumbani Jumamosi usiku ikiwa imebaki vipande inafaa sana kwa kazi ya Jumatatu.

Kuna zoezi moja ningeomba lianze mapema, Jumatano au Alhamisi Kuu. Chukua sinia kuukuu au kifuniko cha ndoo, weka udongo, panda choroko. Pembeni mtoto ajenge kaburi kwa mawe na udongo, na jiwe moja la mviringo mlangoni. Kwa unyevu wa masika choroko huanza kupasuka ndani ya siku mbili tatu. Jumapili asubuhi mtoto aliondoe jiwe lile mwenyewe, huku machipukizi yamejitokeza kulizunguka kaburi. Katika Injili ya Yohana Yesu alitumia mfano wa punje inayoanguka ardhini, na mimi sijui somo la katekisimu linaloweza kumfikia mtoto wa miaka mitano kwa ukaribu kama huo. Choroko isipotokea kwa wakati, ngojeni nayo. Hata hilo ni somo.

Kuhusu vifaa niseme mawili. La kwanza ni udongo. Tunaishi karibu na vilima vya Pugu, vinavyojulikana kwa kaolini, ule udongo mweupe laini wa kutengenezea vyombo, na mto Msimbazi unatiririka kutoka huko ukipita maeneo yetu kwenda baharini. Watoto huvutiwa na tope la mto huo. Wasitumie. Msimbazi unabeba maji machafu ya viwandani na ya majumbani, na wakati wa mvua hali huwa mbaya zaidi. Udongo wa kufinyangia uchimbwe uani, mbali na choo na mtaro, uchekechwe, ulowekwe usiku kucha, kisha ukandwe.

La pili ni rangi. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyekuja Dar es Salaam kutafuta riziki, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia vipande vya hadbodi ya ujenzi na rangi ya baiskeli, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata. Akawafundisha ndugu zake pale pale alipoishi. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini kazi iliyoanzia ndani ya familia ikawa mtindo unaojulikana dunia nzima. Naitaja habari yake kila ninaposikia mzazi akisema sanaa inahitaji fedha. Ila rangi ya mafuta si ya watoto wadogo. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Watoto wachore kwa mkaa, kwa manjano, kwa udongo mwekundu uliosagwa na kuchanganywa na uji wa ngano. Uji huo huo mzito ndio gundi ya kubandikia maboksi ya duka la Mangi yawe kanisa, nyumba au basi la mwendokasi. Mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani yanatosha kupamba sebule nzima.

Mtaa wetu si wa Wakristo peke yao, na watoto wanaocheza chandimu pamoja hawataki kutenganishwa mlangoni. Mtoto wa jirani Mwislamu akija, apewe jani na yeye. Kititia hakina dini, pakacha halina dini, na bibi yake anaweza kuwa ndiye mjuzi wa kusuka ukili kuliko wote mtaani. Kama wakubwa wa nyumba zote mbili wameelewana, mambo yatakwenda.

Sharti langu kubwa ni kwa mzazi: usiishike kazi ya mtoto. Kisu ni chako, jiko ni lako, maji ya moto ni yako. Mengine yote ni yake. Pakacha likipinda, libaki limepinda. Sungura akitokea mwenye masikio matatu, uliza amesikia nini kwa sikio la tatu, kisha nyamaza usikilize. Kishawishi cha kunyoosha kidogo ili picha ipendeze kwenye simu ni kikubwa, nakijua, na ndicho kinachoua hamu ya mtoto. Anapoona kazi yake imerekebishwa anaelewa kwamba haikutosha, na safari ijayo atakuletea karatasi tupu akuombe umchoree.

Nina ombi pia kwa parokia na sharika za Segerea, Kinyerezi, Bonyokwa na Tabata. Jumamosi ya kabla ya Jumapili ya Matawi, badala ya kuwaachia wafanyabiashara getini kazi yote ya matawi, fungueni ukumbi asubuhi. Viti si lazima. Tandikeni majamvi, leteni matawi ya minazi yaliyokatwa siku hiyo hiyo, na tangazeni misani Jumapili moja kabla kwamba mabibi na mababu wanaojua kusuka wanahitajika, wa dhehebu lolote na wa dini yoyote. Watoto watakuja wenyewe, na wazazi waambiwe wabaki nao badala ya kuwashusha na kuondoka.